Nilivyopanga banda la F-150 huku Minnesota

Pikapu yangu ni Ford F-150 ya kabini kubwa ya milango minne, bodi yake, yaani sehemu ya nyuma ya mizigo, futi 6 na nusu. Kutoka pua hadi bampa ya nyuma ina inchi 243 na nusu, yaani futi 20 na inchi 3 na ushee. Banda tulilolikuta kwenye nyumba yetu, kaskazini kidogo ya Minneapolis, Marekani, lilijengwa wakati familia nyingi zilikuwa na gari moja dogo, na ndani lina futi 19 na kidogo. Kwa hiyo tangu niinunue pikapu hii kwa kazi yangu ya ukarabati wa nyumba, imelala nje. Baridi ya hapa inajulikana. Nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri mwezi wa Januari hakuna anayeshangaa. Betri inachoka, rangi na gundi za maji zilizo kwenye bodi zinaganda na kuharibika, na muda wa alfajiri ambao ungekuwa wa kunywa chai unaisha ukikwangua barafu kwenye kioo.

Sasa tumeamua kulibomoa banda hilo na kujenga jipya. Michoro imekamilika na kibali kimetoka. Naandika haya kwa sababu Watanzania na Wakenya wengi ninaowafahamu huku wameshanunua nyumba, wanaendesha magari makubwa ya kazi, na wote wanaulizana swali lilelile: nijenge ukubwa gani? Wengi hujibiwa na mkandarasi kwa kipimo kimoja kilichozoeleka, futi 24 kwa 24, "banda la magari mawili". Kipimo hicho kinafaa kwa magari mawili ya kawaida. Kwa pikapu kubwa hakitoshi, na nitaeleza kwa nini.

Marehemu baba yangu alikuwa mwashi, Tanga. Alipoletewa ramani hakuanza kuangalia vyumba. Alikuwa na swali lake: hapa kipi kikishajengwa hakibadiliki? Hicho ndicho alichokikalia muda mrefu, mengine akayapita upesi. Nimelibeba swali hilo katika kazi yangu, na katika mpango huu ndilo lililoniongoza. Rafu, taa, rangi, hata ubao wa kuzibia kuta, vyote unaweza kuviongeza miaka mitano baadaye fedha zikipatikana. Urefu wa banda kwenda ndani, kimo cha mlango, mahali lilipokaa kiwanjani, na kilichomo chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, ni habari nyingine. Hivyo ukivikosa, dawa yake ni nyundo na kubomoa.

Nilianza na gari lenyewe. Kitabu chake kinasema upana ni inchi karibu 80, lakini hapo wameacha vioo vya pembeni. Pamoja na vioo ni inchi 96, futi 8 kamili. Kitabu pia hakihesabu ndoano ya kuvutia trela, ambayo kwenye gari langu inatokeza nyuma ya bampa karibu inchi 10, wala mlango wa bodi ukiwa umelazwa, wala fremu ya ngazi iliyo juu ya bodi. Watu wa kazi za mikono wanaelewa ninachosema: hakuna anayeendesha pikapu kama ilivyotoka dukani. Lipime gari lako mwenyewe kwa tepu, likiwa na kila kitu unachotembea nacho.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo ningemshauri kila mtu alifanye kabla hajamlipa mchoraji hata senti moja. Uwanja wa maegesho wa msikiti wetu huwa mtupu Jumamosi asubuhi. Tuliomba ruhusa, tukaenda na familia nzima, magari yote mawili, tepu, kamba na chaki za watoto. Nikachora kuta za banda la 24 kwa 24 chini, nikiacha unene wa ukuta, kwa sababu futi 24 za nje ndani hubaki kama 23. Nikaingiza pikapu upande mmoja, mke wangu akaingiza Toyota Sienna upande wa pili. Juu juu ilionekana sawa. Magari yameingia, mistari ya chaki haijakanyagwa, nami nikawa nimeridhika.

Mke wangu akafungua mlango wa nyuma wa Sienna, akamfungua mtoto wetu mdogo kwenye kiti chake cha gari, akataka kutoka naye akiwa na kiti mkononi. Akasimama katikati ya magari mawili, hana pa kupita.

"Baba Salma, hapa napitaje?"

"Geuka upande, Mama Salma, utapita."

"Nigeuke upande na mtoto na mifuko ya soko? Wewe umepima gari, mimi hujanipima."

Maneno yale yaliubadilisha mchoro wote. Tukafungua kila kinachofunguka: milango minne ya pikapu, mlango wa bodi, boneti. Mlango wa mbele wa F-150 ukifunguka wote unakula karibu futi tatu na nusu. Tukamwambia Salma, ambaye ana miaka tisa, ashuke kama anavyoshuka siku zote, yaani kwa kuusukuma mlango kwa mguu, na mlango ukaenda kugusa pale ambapo ungekuwapo ubavu wa gari la mama yake. Tukaanza kufuta chaki na kuchora upya, kila mara tukisogeza ukuta futi moja na kurudia kushuka, kupakua, kupita na mifuko. Ulipofika futi 26 kwa upana, ndani zikabaki 25. Magari mawili pamoja na vioo yanachukua 15. Kumi zilizobaki zinagawanyika: tatu ukutani kila upande, nne katikati. Pale Mama Salma akapita na mtoto bila kugeuka upande, na akasema hapo sasa ni banda la watu.

Kwenda ndani tulifika futi 28. Ukiondoa kuta na unene wa mlango, zinabaki kama 27. Pikapu na ndoano yake ni 21. Nikiweka meza ya kazi ya futi mbili mbele, bado nina karibu futi nne za kupita na za kulaza mlango wa bodi nikapakia vifaa huku mlango mkubwa umefungwa na theluji iko nje. Mwenye F-150 ya bodi fupi ya futi 5 na nusu anaokoa futi moja. Mwenye F-250 ya kabini kubwa na bodi ya futi 8 anahitaji zaidi, maana gari hilo peke yake lina inchi 266, futi 22 na zaidi. Nawasisitizia hasa wale wanaofikiria kubadilisha gari: nyumba inakaa miaka hamsini, gari linakaa kumi. Panga kwa gari kubwa kuliko ulilonalo. Futi mbili za ziada leo ni mbao chache, zege kidogo na vigae vya paa. Kuzitafuta baadaye ni kubomoa ukuta mzima na kung'oa kenchi.

Kimo cha mlango kinasahaulika kuliko vyote, kwa sababu milango ya futi 7 ndiyo iliyozagaa madukani na ndiyo ya bei nafuu. Futi 7 ni inchi 84. F-150 yenye nguvu kwenye magurudumu manne ina inchi kama 77, kwa hiyo inapita, ikiwa tupu. Weka fremu ya ngazi juu, weka tabaka la theluji ya usiku, na huna tena nafasi. Nikachagua mlango wa futi 8 kwa kimo na 10 kwa upana upande wa pikapu, na wa futi 9 upande wa Sienna.

Hapo ukuta nao unakuja na masharti yake. Mlango wa kupanda juu kwa reli unahitaji nafasi ya inchi kama 12 juu ya uwazi ili ujipinde na kulala darini, na mota ya kuuvuta inataka inchi chache zaidi. Ipo njia ya reli fupi kwa mabanda ya dari ya chini, na ipo mota inayofungwa ukutani pembeni ya mlango badala ya darini. Ni suluhisho zuri kwa banda ambalo tayari limejengwa. Kwa banda jipya, jenga ukuta uwe na kimo cha kutosha tu. Kwetu ni mbao za futi 9 zilizosimama juu ya mstari mmoja wa matofali ya zege ya inchi 8. Mstari huo wa matofali naupenda sana. Unanipa kimo, na unaziweka mbao mbali na maji ya chumvi yanayodondoka kutoka kwenye gari majira yote ya baridi. Nimefungua kuta nyingi za mabanda ya hapa katika kazi yangu, na zile zenye mbao zilizokaa moja kwa moja sakafuni huwa zimeoza kwa chini, laini kiasi cha kuingiza bisibisi kwa mkono.

Wengine waliniuliza kwa nini milango miwili na si mmoja mpana wa futi 18. Mlango mmoja hurahisisha kuingia, sikatai, na hauna nguzo ya katikati ya kugongwa. Ila unadai linta ndefu na nzito ya kubeba paa na theluji iliyolala juu yake. Kusini mwa Minnesota, hesabu za paa huanzia theluji ya ardhini ya pauni 50 kwa kila futi ya mraba, na kaskazini ni pauni 60. Tena springi ya mlango mmoja mpana ikikatika asubuhi ya baridi kali, magari yote mawili yamefungiwa ndani. Kwa mtu anayekula kwa gari lake, hiyo ni siku ya mshahara imepotea. Milango miwili imenituliza moyo.

Mahali pa kulikalisha banda tulipajadili kwa muda mrefu kuliko kitu kingine. Mama Salma alitaka liungane na nyumba. Hoja yake ilikuwa nzito: unatoka jikoni, unaingia kwenye gari, hujakanyaga barafu. Mama mkwe anapokuja kututembelea hatateleza. Nami nililitaka hilo. Lakini banda lililoungana na nyumba huhesabiwa kuwa sehemu ya nyumba, na masharti hubadilika. Msingi lazima ushuke chini ya kina cha kuganda kwa ardhi, ambacho huku kusini mwa jimbo ni inchi 42 na kaskazini inchi 60. Ukuta unaogusana na nyumba lazima ufunikwe ubao wa jipsamu usiopungua nusu inchi ili kuchelewesha moto. Mlango wa kuingilia nyumbani uwe wa mbao nzito isiyo na uwazi ndani, unene wa inchi 1 na 3/8, au uwe umethibitishwa kuhimili moto kwa dakika 20. Mlango kutoka banda kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kulala hauruhusiwi kabisa. Sababu yake iko wazi: petroli, na gesi ya kaboni monoksidi iliyomo kwenye moshi wa gari, isiyo na rangi wala harufu ya kukuamsha. Hata banda lililojitenga, usiache injini inaunguruma ndani ati gari linapata joto.

Masharti hayo yote tungeyatimiza. Kilichotuzuia ni kiwanja. Kati ya ukuta wa nyumba na mpaka wa jirani kuna futi 12 tu. Banda la upana wa 26 halikai hapo, na mji unadai uache nafasi fulani hadi kwenye mpaka. Kwa hiyo banda linakwenda nyuma ya nyumba, na zile futi 12 zinabaki kuwa njia. Nikazipima kwa uangalifu, kwa sababu mita ya gesi imetokeza ukutani zaidi ya futi moja. Gari ni futi 8 na vioo. Linapita, likiwa na kama futi moja na nusu kila upande, na mita itazungushiwa vyuma vya kuikinga.

Kwa mpito mwembamba hivyo, banda lazima likae mkabala na njia, gari liingie na kutoka kwa mstari ulionyooka. Mchoraji alikuwa amelichora likiwa limegeuka kutazama upande, kwa kuwa lilipendeza ukiliangalia kutoka dirishani. F-150 ya bodi ndefu kidogo kama yangu inahitaji duara la karibu futi 50 ili igeuke. Nyuma ya nyumba hatuna futi 50. Likageuzwa. Mlango mdogo wa watu tukauweka kwenye kona iliyo karibu kabisa na mlango wa jikoni, na baina ya milango hiyo miwili kutakuwa na kibaraza kilichoezekwa. Mama Salma aliisimamia hiyo hatua mwenyewe, akitembea kwenye nyasi na kuhesabu hatua, hadi akaridhika.

Jambo moja ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu: theluji itakwenda wapi? Njia ya kuelekea nyuma ya kiwanja ni ndefu, na theluji yake ukiisukuma lazima ilundikwe mahali. Ukijaza kiwanja kwa banda na zege, utakuwa unailundika mlangoni pako mwenyewe. Tumeacha ukanda wa nyasi upande wa mashariki kwa kazi hiyo. Mji nao una kikomo cha sehemu ya kiwanja inayoweza kufunikwa kwa paa na zege. Kwa hiyo ukanda huo ulitusaidia pia kupata kibali. Na kabla ya yote haya tulimwita mpima ardhi akazifukua bikoni za chuma za mipaka. Ua wa jirani si mpaka. Ua hujengwa popote mtu alipoona panafaa siku ile.

Kuhusu ardhi, kila fundi wa hapa atakwambia juu ya kuganda, lakini wachache huwaeleza wateja wao. Maji yaliyomo kwenye udongo yakiganda hutanuka na kuuinua udongo, na udongo huinua chochote kilichokaa juu yake. Banda la mbao lililojitenga na nyumba, lisilo kubwa kupita kiasi, linaruhusiwa kukaa juu ya jamvi linaloelea, yaani zege moja yenye kingo nene, bila msingi wa kushuka inchi 42. Linapanda na kushuka kwa pamoja na halivutani na nyumba. Hiyo imetuokolea fedha nyingi. Ila jamvi hilo litadumu kwa kadiri ya kilicho chini yake. F-150 tupu ina kama tani mbili na kidogo, na zege ya inchi nne inaibeba bila taabu. Kinachopasua majamvi ninayoitwa kuyatazama ni udongo wa mfinyanzi ulioachwa chini, au kifusi kilichomwagwa bila kushindiliwa. Kwa hiyo pale nilipotakiwa kupunguza gharama, nilipunguza kwenye madirisha, sikupunguza kwenye kokoto. Udongo wa juu unaondolewa wote, kokoto inawekwa kwa matabaka na kila tabaka linashindiliwa kwa mashine. Zege yenyewe ni ya nguvu ya paundi 4,000 kwa inchi ya mraba, yenye vipovu vidogo vya hewa vinavyowekwa makusudi ili maji yakiganda ndani yake yapate pa kutanukia.

Sakafu inateremka kuelekea mlangoni, sehemu moja ya nane ya inchi kwa kila futi. Kwa futi 28 inakuwa inchi tatu na nusu. Wengine huogopa kuona sakafu imelala hivyo, lakini pikapu ikiingia na theluji kwenye matairi na chini ya bodi, kesho yake ni dimbwi. Maji hayo lazima yajue pa kwenda.

Umeme nimeuacha mwepesi. Soketi, taa, na soketi ya kuchomeka kipasha joto cha injini. Lakini kwenye mtaro kutoka nyumbani tunalaza mrija wa nyaya mnene zaidi, na mwingine mtupu pembeni yake. Ford wameshatengeneza F-150 ya umeme, na sijui wanangu watakuja na gari gani humu. Mrija mtupu bei yake ni ndogo sana mtaro ukiwa tayari wazi. Na mtaro wowote, hata wa shimo la nguzo moja, unapiga simu 811 kwanza. Wenye nyaya na mabomba yaliyofukiwa wanakuja bila malipo na kupaka rangi chini: nyekundu ni umeme, manjano gesi, buluu maji ya kunywa, kijani majitaka, rangi ya machungwa simu na intaneti. Nina rafiki wa kazini ambaye jembe lake lilitoboa bomba la gesi. Yu mzima, alhamdulillahi, lakini mtaa mzima ulihamishwa jioni ile.

Mdogo wangu wa Tanga anajenga nyumba yake, na alipoona mchoro wangu kwenye simu akanipigia.

"Shikamoo kaka. Nitumie ramani hiyo, na mimi niijenge hivyohivyo."

"Marahaba. Gari lako lipi?"

"Hilux dabo kabini."

Nikamwambia asiniige vipimo. Hilux ya kabini mbili ina mita 5.3 na kidogo, futi 17 na nusu. Huko hakuna ardhi inayoganda, wala theluji ya kubebwa na kenchi. Huko kuna mchwa, kuna hewa ya chumvi ya bahari inayokula bati na bawaba, na kuna masika. Kwake nilimtaka akae na maswali mengine: maji ya mvua yanatoka upande gani wa kiwanja, dawa ya mchwa imemwagwa kabla ya jamvi au bado, na linta ya mlango itapita wapi. Fundi wake alikuwa amepanga linta ya banda iende sawa na ya milango ya vyumba, futi 7, ili mkanda uzunguke nyumba nzima kwa mstari mmoja. Hilux yenyewe inapita hapo. Lakini mdogo wangu huuza mbao, na gari lake hurudi nyumbani na mzigo uliopita juu ya kabini. Nimemwomba aifunge mbao juu kama kawaida yake, alisimamishe gari kwenye kiwanja, na apime kutoka chini hadi juu ya mzigo kabla fundi hajasuka nondo za linta. Ameniahidi kunitumia kipimo hicho wiki hii.